Mpingo Uliopinda

Gogo la mpingo likiletwa kutoka porini halina uzuri wa kumsimamisha mtu njiani. Ganda lake ni la kijivu, chini ya ganda kuna tabaka la mti mweupe unaoelekea umanjano, na weusi wenyewe umejificha kwenye kiini. Hata huo weusi si wa kuaminika mpaka uonekane, kwa sababu mipingo mingi huwa na tundu katikati ilhali kwa nje imesimama mizima. Gogo ni fupi, limepinda, lina mafundo pale matawi yalipokatika na makovu pale moto wa msituni ulipopita. Ni zito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Ukilitupa majini linazama moja kwa moja.

Mchongaji wa Kimakonde hukaa mbele ya gogo hilo asilifanyie lolote. Aliyewahi kupita kwenye vibanda vya vinyago vya Mwenge, Dar es Salaam, amemwona mtu huyo: yuko chini kwenye vibanzi vya mti, shoka liko kando, anaangalia. Analigeuza gogo kwa mguu. Analisimamisha, analipindua chini juu, analilaza tena. Mteja mwenye haraka atadhani fundi amechoka au hana kazi. Kumbe hiyo ndiyo kazi, na huenda ndiyo sehemu yake ngumu kuliko zote, maana hakuna kitakachochorwa kwenye karatasi wala kupimwa kwa rula. Kitakachoamuliwa sasa kwa macho ndicho kitakachofuatwa na tezo, na mti uliokwisha kukatwa haurudishwi.

Wachongaji wa dunia nzima hupenda kusema kwamba sanamu imo tayari ndani ya mti au jiwe, na kwamba wao wanaitoa tu. Usemi huo umezungushwa mno mpaka umechakaa. Lakini kwa mtu wa mpingo una maana ya kushikika kabisa. Anatafuta nyuzi za mti zinaelekea wapi, kwa sababu mkono mwembamba uliochongwa kukatisha nyuzi utavunjika. Anatafuta ufa uliojificha. Anakisia tundu la katikati limefika wapi, ili libaki kuwa nafasi kati ya miili miwili badala ya kuwa shimo kifuani mwa mtu. Panda ya tawi inampa miguu, au shingo mbili za kiumbe mmoja. Fundo linampa kiwiko, goti, au jicho lililotokeza. Ule mti mweupe wa nje anaweza kuuondoa wote, au akaubakiza kidogo uwe kitambaa cha kichwani au mvi za mzee. Akikuambia kwamba mti umemwonyesha cha kuchonga, usikimbilie kuyaita hayo mambo ya kiroho, wala usikimbilie kuyakana. Mambo ya roho yapo, tutayafikia, ila yanakuja juu ya maarifa haya, hayaji mahali pake.

Wako wanunuzi wengine wa mpingo wanaoutazama kwa jicho la kinyume. Ulaya na Marekani huu ndio mti wa klarineti, oboe na zumari za mfuko za Waskoti, kwa kuwa ni mgumu, hauhangaishwi sana na unyevu, na unakubali kukerezwa kwa vipimo vya karibu mno. Watengenezaji wa ala hizo wanataka vipande vilivyonyooka, visivyo na fundo, ufa wala doa jeupe, na katika gogo zima vipande vya namna hiyo ni vichache. Kinachobaki kwao ni taka. Mchongaji anaanzia hapo kwenye taka. Mti uliokulia juu ya mwamba, ukakunjwa, ukaunguzwa, ukachipua upya kwa upande, kwake yeye una mengi ya kutoa kuliko ule uliokua bila misukosuko. Sijui kazi nyingine ya mikono ambamo kasoro ya malighafi inatafutwa kwa hamu namna hii.

Kazi ya chuma ikianza, mwanzo wake ni wa nguvu. Fundi anakaa chini, miguu mbele, anabana gogo kwa nyayo zake mwenyewe, na kulipiga kwa shoka dogo kisha kwa tezo. Ganda linaruka, mti mweupe unaruka, na kiini kinajitokeza kikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea yenye zambarau ndani yake. Mpingo una mlio. Mbao nyepesi hupokea tezo kwa sauti fupi, nzito. Mpingo mzima hulia kwa ukali, na sikio lililozoea hujua mlio ukififia ghafla kwamba chini yake kuna uwazi. Makali hayadumu. Fundi anachonga, ananoa, anachonga, ananoa, na jiwe la kunolea liko karibu naye sawasawa na birika la chai. Vumbi lake ni jeusi, laini, na lina ubaya wake: huwasha macho, huziba pua, na ngozi za wengine huvimba. Watu wanaosifu mng'aro wa vinyago dukani mara nyingi hawajawahi kukaa jioni moja karibu na anayevitengeneza wakamsikia akikohoa.

Baada ya tezo zinakuja patasi, pana na nyembamba, zinazogongwa kwa nyundo ya mti. Hapa kasi inashuka. Mfinyanzi akikosea huongeza udongo. Mchongaji hana cha kuongeza. Kwa hiyo anaondoa kwa woga wa kiasi, na anayapanga maondoleo yake. Sanamu yenye mikono myembamba iliyojikunja hewani haichongwi mikono kwanza. Mikono huachwa ikiwa minene, imeshikamana na mwili kwa vipande vya mti ambavyo havina kazi nyingine ila kuitegemeza, huku mapigo mazito yakimalizwa kwingine. Vipande hivyo huondolewa mwisho, taratibu, wakati ambapo pigo moja la ovyo linaweza kupoteza kazi ya wiki nyingi. Kuna saa fundi haongei na mtu. Kisha tupa, kisha msasa mkavu, msasa laini, msasa laini zaidi, kazi ambayo mara nyingi hupewa vijana wanaojifunza na ambayo mnunuzi haihesabu anapopatana bei. Mwisho ni nta, au kiwi ya viatu.

Kiwi hiyo ina hadithi yake mbaya. Mti wowote mwepesi ukipakwa kiwi nyeusi mara tatu unaweza kumdanganya mtalii, na wengi wamepanda ndege na mwarobaini wakidhani wamebeba mpingo. Ukitaka kujua, pima uzito mkononi kabla ya kuangalia rangi.

Tuje kwenye roho. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika uwanda wa Makonde, upande wa Newala, akaandika simulizi aliyosimuliwa huko juu ya chanzo cha watu hao. Palikuwa na kiumbe mmoja aliyeishi porini peke yake, hajaoga, hajanyoa, hajawa mtu hasa. Siku moja akachonga mti ukawa na umbo la mwanamke, akausimamisha karibu na makao yake. Usiku ule umbo likapata uhai. Wawili hao wakashuka mpaka mto Ruvuma, wakaoga, mwanamke akazaa mtoto, mtoto akawa mfu. Wakahama mpaka bonde la Mbwemkuru, akazaa tena, mtoto akawa mfu. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya uwandani karibu na Mahuta. Mtoto wa tatu akaishi. Ndiyo maana, inaendelea simulizi, Wamakonde hawakai mabondeni karibu na maji, wanakaa juu.

Ninaipenda simulizi hii kwa jambo ambalo haliwekewi mkazo sana. Makabila mengi yana Mungu au mzee wa kale aliyefinyanga watu. Hapa mchongaji mwenyewe hajakamilika. Ni pori tupu. Kinyago ndicho kinachomfanya awe mtu: kwa ajili ya yule mwanamke anaoga, anahama, anapata watoto, anapata kijiji. Na gharama ya kuishi juu imelipwa na wajukuu wa mwanamke huyo wa mti kwa karne nyingi, kwa kuteremka mabondeni na kupanda na maji kichwani. Angalia vinyago vya mtindo wa binadamu, vile vya watu wa kawaida katika shughuli za kawaida, uhesabu wangapi ni wanawake wenye mitungi.

Waswahili tuna methali kwamba kinyago cha kuchonga mwenyewe hakimtishi mtu. Ni methali ya watu wa pwani, wenye akili za biashara, na ina busara yake. Mmakonde wa simulizi ya Weule asingeielewa. Kwake kinyago ulichokichonga mwenyewe kinaweza kuamka usiku.

Lakini kuna jambo linalowachanganya wengi wanaoandika kuhusu sanaa hii, na ndilo linalonifanya niiheshimu zaidi. Vinyago vilivyokuwa na mizimu kweli havikuwa vya mpingo. Barakoa za ngoma ya mapiko upande wa Msumbiji, na za midimu upande wa Tanzania, zilichongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu anayezivaa anacheza nazo. Lipiko, yaani barakoa moja ya mapiko, la Mueda huko Msumbiji hufunika kichwa kizima na mchezaji huona kupitia mdomoni. Huwekwa nywele za binadamu, huchorwa chale za uso kwa nta, na la mwanamke huwa na ndonya, kile kipambo cha mdomo wa juu. Barakoa hizo zilichongwa kwa siri, mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajapita jandoni, na walioziona zikicheza waliambiwa kwamba huyo si mtu wa kijijini bali ni mzimu. Mpingo ulikuwa na kazi zake ndogondogo nyumbani, ndonya zikiwemo. Kuwa mti wa sanamu kubwa za kusimama, zisizochezwa bali kutazamwa, ni jambo lililokuja na mnunuzi: mmisionari, ofisa wa Kireno, baadaye mfanyabiashara wa Dar es Salaam.

Wamakonde wa Mueda walivuka Ruvuma kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 na baada yake, wakikimbia kazi za shuruti za Wareno na kufuata vibarua kwenye mashamba ya mkonge. Wengine walifika mpaka Kwale, Kenya, ambako wajukuu wao walisubiri hadi miaka ya 2010 kupewa vitambulisho vya uraia. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, na vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 wakimbizi waliongezeka. Mtu aliyeacha nyumba, makaburi na ngoma zake ng'ambo ya mto alifika Dar es Salaam akiwa na tezo, na pale palikuwa na mtu aliyekuwa tayari kununua.

Mnunuzi mmoja alikuwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Kihindi. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mwishoni mwa miaka ya 1950, cha mchongaji Samaki Likankoa. Inasemekana alikuwa akichonga sanamu ya mtu, mkono ukavunjika. Badala ya kulitupa gogo, alichonga pale palipovunjika mpaka kile kilichokuwa mtu kikawa kitu kingine, kiumbe mwenye viungo pungufu na sura isiyo ya dunia hii. Akampelekea Peera. Peera akakipenda, akataka vingine. Ndivyo mtindo wa shetani ulivyoanza.

Wako wajuzi wanaotumia kisa hicho kuushusha mtindo wote: ni bidhaa ya dukani, wanasema, si urithi. Mimi sioni hivyo. Mfanyabiashara alifungua mlango, lakini hakuwa na mashetani wowote dukani mwake kabla Samaki hajawaleta. Walioingia kupitia mlango huo ni wale wale waliokuwa wakiishi kwenye vichaka na vijito na miti mikubwa ya uwandani, wanaojulikana kwa bibi na babu: mwenye jicho moja, mwenye mguu mmoja, mwenye masikio ya kushuka mpaka kifuani, anayetoa ulimi, aliye nusu mnyama. Shetani wa huku si lazima awe Ibilisi wa vitabu. Anaweza kudhuru, anaweza kusaidia, anaweza kucheka tu. Hapo kabla alikuwa na mahali pa kukaa kwenye mti mwepesi wa barakoa, usiku, katika ngoma yenye masharti. Ngoma ikakatizwa na mpaka na vita. Akahamia kwenye mpingo.

Na mpingo ukamfaa kuliko ambavyo yeyote angeweza kupanga. Mtu wa kawaida ana umbo lake; fundi hulazimika kuulazimisha mti ulionyooka au uliopinda ufuate mgongo na mabega yanayojulikana. Shetani hana umbo la kudumu. Pale mti unapopinda, anapinda. Palipo na tundu, tumbo lake liko wazi. Tawi likitokea mahali pasipo na sababu, basi ana mkono mahali pasipo na sababu. Kwa mara ya kwanza mchongaji aliweza kuufuata mti mpaka mwisho bila kuurudisha kwenye anatomia, na imani ya kale kwamba porini mna viumbe ikakutana na umbile la kweli la pori lenyewe, kovu la moto na yote. Ninaposimama mbele ya shetani mzuri siwezi kusema ni wapi ujuzi wa nyuzi unaishia na wapi hofu ya vichaka inaanzia. Nashuku hata fundi hawezi.

John Fundi, mzaliwa wa Mueda, alikwenda mbali kuliko wengi katika njia hiyo. Viumbe wake walionyeshwa Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la Terre. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachukua mashetani hao hao akawapa rangi kali na kuwatembeza mitaani, wakicheza na kugombana, kwenye picha alizozianza akiwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Na Reinata Sadimba, aliyezaliwa mwaka 1945, hakushika tezo kabisa, kwa kuwa kuchonga ni kazi ya wanaume. Alichukua udongo, ambao wanawake wa Kimakonde walikuwa nao siku zote kwa vyungu, akautia nyuso, chale na viumbe wenye watoto juu ya watoto. Anayetaka kujua kwamba roho haziko ndani ya mpingo peke yake atazame kazi za mama huyo.

Mtindo wa ujamaa nitaupita haraka, ingawa ndio unaopamba ofisi nyingi: mnara wa watu waliopandiana, wote kutoka gogo moja. Anayetajwa kuuanzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, na mwanzoni uliitwa dimoongo, ukimwonyesha bingwa wa mieleka akiinuliwa juu na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja na siasa za baada ya Azimio la Arusha la 1967, na likauza vizuri. Minara bora inashangaza, hasa ukitambua kwamba mchongaji amechimba ndani mpaka miili ya katikati inazungukwa na hewa. Mingi ya leo imechongwa juujuu tu, watu wamebandikwa kwenye nguzo.

Mpingo ulio tayari kukatwa una umri wa miaka 70 hadi 100, mara nyingi zaidi. Hakuna fundi atakayechonga mti alioupanda. Kenya wachongaji wa Kikamba, ambao mwenzao Mutisya Munge alijifunza kazi kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuipeleka Wamunyu, walimaliza karibu mpingo wao wote na sasa wengi wanachonga mwarobaini. Kilwa, vijiji kadhaa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu yao ya asili, na fedha za magogo zinabaki kijijini. Ni habari njema, ingawa soko la mti huo wenye cheti linapenda magogo yaliyonyooka na linalipa kwa vipimo vya klarineti. Mchongaji wa Mtwara au Mwenge mara nyingi anafika baadaye, na kupata kilichobaki kwa bei iliyopanda. Wapo wanaorudi kwenye mabaki ya zamani: visiki na mizizi iliyoachwa ardhini na wakataji wa miaka iliyopita. Mizizi ya mpingo imepinda kuliko shina.

Halafu sanamu ikishakwisha mti haujakwisha. Mpingo hukauka polepole sana, na uliochongwa ukiwa bado na unyevu ndani utapasuka ukipelekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi au kwenye nchi ya baridi yenye nyumba zinazopashwa moto. Mafundi waangalifu huweka magogo kivulini muda mrefu, wakipaka nta kwenye ncha, kwa kuwa ncha ndiyo inayotoa maji kwanza. Ufa ukitokea karakanani, dawa ya kawaida ni unga wa mpingo wenyewe uliochanganywa na gundi, unajazwa, unapigwa msasa, mnunuzi haoni. Fundi mwenye shetani mkononi ana njia ya pili. Anamrudisha mbele ya miguu yake, anaangalia ufa umekwenda wapi, na mara nyingi anaufuata kwa patasi nyembamba mpaka uwe mdomo.